Sahihi na Saini: Historia ya Kuthibitisha Nyaraka katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili huyatumia maneno sahihi na saini kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu huambiwa "tia sahihi hapa", au "weka saini hapa", naye hushika kalamu pasipo kujiuliza kama ameombwa jambo moja au mawili. Kwa muda mrefu uzembe huo haukumdhuru mtu. Lakini siku hizi ambapo hati ya shamba la Msambweni au ya kiwanja cha Diani yaweza kuandikwa, kupelekwa na kutiwa mkono pasipo karatasi kuguswa, tofauti ya maneno hayo mawili imekuwa jambo la sheria na la mali. Mtu aweza kubandika picha ya mkono wake chini ya waraka ulio ndani ya kompyuta, nayo picha ikaonekana mfano wa wino uliokauka; ni jambo jingine kabisa kusema kwamba waraka huo umethibitishwa. Makala haya yanakusudia kufuatia historia ya kuthibitisha nyaraka katika nchi ya Wadigo na majirani zao, tangu Vanga na Gasi hadi Diani, ili kuonyesha kwamba tofauti hiyo si ngeni, na kwamba neno lile la zamani limeihifadhi vizuri kuliko linavyodhaniwa.

Neno lenyewe

Sahihi ni neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu kizima, kisicho na ugonjwa wala kasoro. Msomaji aliyelelewa chuoni pwani hulijua kwanza katika elimu ya hadithi za Mtume, ambamo hadithi sahihi ni ile ambayo, pamoja na masharti mengine, mnyororo wa wapokezi wake haukukatika, na kila mpokezi katika mnyororo huo ajulikana kwa uadilifu na kwa uhodari wa kuhifadhi. Maneno yenyewe yaweza kuwa mazuri mno, lakini akikosekana mtu mmoja katikati, au akiwapo mmoja asiyeaminika, hadithi haifikii daraja hiyo. Usahihi, basi, hautazamwi katika sura ya maneno peke yake; hutafutwa nyuma yake, kwa watu walioyachukua.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Waarabu wenyewe, wanapotaka kutaja mkono wa mtu chini ya waraka, aghalabu husema imdhaa au taukii, wala si sahihi. Kiswahili kilipataje, basi, kulitumia neno hili kwa kazi hiyo? Yaelekea jibu lisitafutwe Bara Arabu peke yake, bali pia ng'ambo ya pili ya bahari. Katika Kigujarati na Kimarathi neno sahi, lenye asili hiyohiyo ya Kiarabu, ndilo linalotumika kwa maana ya mkono uliotiwa katika hati. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na maduka na vitabu vyao vya hesabu Unguja, Mombasa, na hata Vanga, na mtu aliyekopa nguo au fedha kwao alitiwa kitabuni. Si ajabu kwamba neno lililokuwa la wanavyuoni wa dini lilipata kazi yake ya pili dukani, mbele ya mwenye kuwia. Dhana hii yahitaji ushahidi zaidi wa nyaraka kuliko unaoweza kutolewa hapa, lakini inafaa kuliko ile desturi ya kuandika "Kar." mbele ya neno na kwenda zetu.

Saini halina historia ndefu namna hiyo. Latokana na Kiingereza, nalo limekuja na ofisi, fomu na karani. Tofauti ya tabia ya maneno haya huonekana katika vitenzi vinavyoandamana nayo. Saini huwekwa, hupigwa, na siku hizi huchorwa. Hata kitenzi chake kipo, kusaini. Sahihi hutiwa. Na katika kauli ya kutia sahihi kinachotiwa si mchoro bali ni hali: waraka ulikuwa haujatimia, sasa umetiwa uzima. Wale waliokwisha kuzoea kuyahesabu maneno haya kuwa visawe na wavumilie kidogo. Historia itaonyesha kama tofauti hii ni ya kubuni.

Mkono wa mwandishi na macho ya mashahidi

Nyaraka za zamani za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, mara nyingi humalizika kwa jina la mwandishi pamoja na maneno ya kusema kwamba ameandika kwa mkono wake. Mkusanyo wa barua na maandishi ya Kiswahili alioutoa C. G. Büttner mwaka 1892 watosha kumwonyesha msomaji jinsi maandishi ya namna hiyo yalivyokuwa yamekwisha kupata utaratibu kabla ya dola za Ulaya kuimarisha ofisi zao. Katika nyaraka za namna hii mkono unaotajwa si lazima uwe wa mwenye mali. Wengi hawakujua kuandika. Mwandishi aliandika kwa niaba yao, na jina lake lilikuwa ni dhamana ya kwamba hakuongeza wala hakupunguza.

Nyuma ya desturi hiyo kuna fikihi. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara yaamrisha deni la muda liandikwe, aandike mwandishi mwenye uadilifu, na washuhudishwe mashahidi. Lakini wanavyuoni wa zamani, Mashafii wakiwamo, waliweka ushuhuda wa ulimi mbele ya karatasi. Waraka ulikuwa ni ukumbusho wa mashahidi. Mashahidi hawakuwa pambo la waraka. Kadhi aliyeletewa hati nzuri isiyo na mtu wa kuisimamia hakuwa ameletewa kitu kikubwa. Kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, na kwa Washirazi na Wavumba wa upande wa Wasini na Vanga, huo ndio uliokuwa mwendo wa mambo kwa kadhi na kwa mudiri.

Lakini ndani ya vijiji ushuhuda haukungoja karatasi hata kidogo. Katika pwani nzima ya Kenya mnazi waweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi unaposimama. Minazi iliuzwa, ikawekwa rehani na ikarithiwa mbali na ardhi, na aliyepanda mnazi alikuwa ameweka alama isiyofutika kwa maji. Mauzo yake yalitaka wazee. Kitabu cha David Parkin, Palms, Wine, and Witnesses, kilichotoka mwaka 1972, kinawahusu Wagiriama wa upande wa Kaloleni, wala si Wadigo. Lakini kile kilichoonyeshwa humo, ya kwamba nguvu ya mauzo ya minazi ilikuwa katika wazee walioshuhudia, na kwamba aliyejua kujikusanyia mashahidi alijikusanyia na mashamba, kitamwelea mtu yeyote aliyekaa barazani Ukunda au Msambweni.

Kwa Wadigo jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya urithi. Desturi yao ya zamani ilipeleka mali kwa upande wa kikeni, kwa mpwa, na sheria ya Kiislamu ilimpa mwana. Baba aliyetaka mwanawe apate minazi yake aliona ni heri kumpa hiba yu hai, mbele ya watu, kuliko kumwachia mabishano na binamu zake matangani. Hapo shahidi mmoja wa upande mmoja hakufaa kitu. Hiba ilisimama kwa sababu wale ambao wangeweza kuipinga walikuwapo, wakasikia, wakanyamaza. Ikiwa kuna sahihi isiyokuwa na wino, ndiyo hiyo.

Mikono ya mbali

Mwaka 1887 Sayyid Barghash wa Unguja aliwapa Waingereza wa kampuni iliyokuja kuitwa Imperial British East Africa Company mamlaka juu ya sehemu ya pwani yake. Tarehe 14 Desemba 1895 mapatano mengine yalifanywa Unguja, na kwayo ukanda wa maili kumi ukawekwa chini ya utawala wa Serikali ya Uingereza kwa malipo ya pauni 17,000 kila mwaka, ikihesabiwa pamoja na riba ya deni. Gasi, Msambweni, Diani na Vanga zilikuwa ndani ya ukanda huo. Wakati ule ule Mbaruk bin Rashid, mkuu wa Mazrui wa Gasi, alikuwa amekwisha kuingia vitani. Mwaka 1896 alivuka mpaka akaingia katika nchi iliyokuwa ya Wadachi, na huko, Dar es Salaam, akafia mwaka 1910. Tarehe 8 Oktoba 1963 ukanda huohuo ulitolewa tena kwa mikono iliyotiwa London, mikono ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte ikiwamo, ukawa sehemu ya Kenya. Yapasa isemwe wazi kwamba katika nyaraka zote hizo hakuna uliotiwa mkono na mzee wa kaya ya Kidigo. Kwa kipimo cha chombo cha dola zilikuwa sahihi. Kwa kipimo cha hiba iliyotajwa juu, walioweza kuzipinga hawakuwapo.

Lakini waraka uliowagusa watu katika viwanja vyao ulikuwa ni Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Kwa sheria hiyo, mwenye kudai ardhi katika pwani alitakiwa kupeleka madai yake kwa mwandikishaji, ayathibitishe, kisha apewe cheti. Na ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji. Aliyekuwa na karatasi na mtu wa kumsemea alifika. Aliyekuwa na minazi, makaburi ya wazee wake na kumbukumbu za majirani, mara nyingi hakufika, kwa kuwa hakuona sababu ya kudai kile ambacho hakuna aliyemnyang'anya. Matokeo yake ndiyo yaliyozaa maskwota katika pwani, na sheria yenyewe ilidumu katika vitabu hadi ilipofutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Huo ni zaidi ya umri wa mtu mmoja. Katika muda huo mwandishi wa zamani, aliyeweka jina lake kuwa dhamana, alibadilika akawa karani ambaye jina lake halikuwa dhamana kwa mtu yeyote.

Dole gumba

Alama ya dole gumba ilizaliwa Bengal, na ilizaliwa kwa sababu ya kutoaminiana. Mwaka 1858 mtawala mmoja wa Kiingereza, William Herschel, alipofanya mkataba na Rajyadhar Konai wa kuletewa vifaa vya kutengenezea barabara, alimpaka wino kiganja kizima akakipiga katika karatasi. Herschel mwenyewe alieleza baadaye kwamba nia yake ilikuwa kumtisha yule mtu asije akaukana mkono wake. Mwaka 1877, akiwa Hooghly, alianza kutumia alama za vidole katika malipo ya uzeeni na katika usajili wa hati. Elimu ya kwamba vidole vya watu wawili havifanani ilikamilishwa na wengine, na Francis Galton akatoa kitabu chake mwaka 1892, lakini mwanzo wake ulikuwa ni hofu ya tajiri kwamba mtu asiyejua kusoma angeweza kusema, "Huu si mkono wangu."

Kenya ilikipokea kidole hicho kwa sheria ya mwaka 1915 ya kuandikisha wenyeji, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole akapewa kipande, akakivaa shingoni ndani ya kibweta cha madini. Kipande kilikuwa na mikono miwili, na hapo ndipo tofauti ya sahihi na saini ilipoonekana kwa ukali wake wote. Mfanyakazi aliacha vidole vyake. Mwajiri aliandika jina lake. Mfanyakazi aliyetoka kazini bila mwajiri kuandika kwamba amemwacha alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Mashamba ya miwa ya Ramisi, kusini ya Msambweni, yalianzishwa miaka ya 1920, wakati kipande kingali na nguvu zake zote. Wakataji miwa wake walifanya kazi chini ya sheria hiyo. Kidole hakikuweza kukanwa na mwenyewe, na saini haikuweza kudaiwa na asiyekuwa na cheo. Mfumo huo ulilaumiwa sana tangu siku za Harry Thuku, na mwaka 1947 ulifutwa, ukaja usajili wa watu wote bila kujali rangi. Wanawake waliachwa nje. Ni mabadiliko ya sheria ya mwaka 1978 yaliyowaleta katika usajili. Maana yake ni kwamba mwanamke wa Kidigo aliyerithi minazi ya mamake kwa miaka mingi hakuwa na kitambulisho cha kuweka mbele ya karani, hata kama kijiji kizima kilimjua.

Ramisi ilileta watu wengine pia. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji na Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakakaa, wakazaa, wakazika wazee wao katika ardhi ya Kwale. Hawakuhesabiwa kuwa raia. Asiye na kitambulisho haandikishi shamba, hafungui akaunti ya benki, wala haandikishi namba ya simu kwa jina lake; dole lake gumba ni zima, lakini halina mahali pa kugonga. Mwezi wa Oktoba 2016 walitoka Kwale wakaenda kwa miguu kuelekea Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Februari 2017 walitangazwa kuwa kabila la arubaini na tatu la Kenya. Wapemba, ambao baadhi yao ni wavuvi wa ufuko huohuo, walingoja hadi mwaka 2023. Mambo haya husimuliwa kwa kawaida katika habari za uraia, na ni haki yake. Lakini ni sehemu ya historia ya sahihi vilevile. Kabla ya kuuliza mtu ametia mkono namna gani, hapana budi kuuliza kama anahesabiwa kuwa na mkono.

Picha na hesabu

Kufika hapa yafaa kueleza jinsi nyaraka za kompyuta zinavyotiwa mkono, kwa kuwa ndipo upotofu ulipo.

Ziko njia mbili, nazo hufanana machoni. Ya kwanza ni picha. Mtu huandika jina lake katika karatasi nyeupe akalipiga picha, au hulichora kwa kidole katika kioo cha simu, kisha hulibandika chini ya waraka. Ni kazi ya dakika mbili. Faili za namna ya PDF, zilizoletwa na Adobe mwaka 1993, hupokea picha hiyo kama zinavyopokea nembo au ramani, wala hazijui kwamba ni mkono wa mtu. Aliyeupokea waraka aweza kuikata picha hiyo akaibandika katika waraka mwingine, nao ukaonekana vilevile.

Ya pili ni hesabu. Chimbuko lake ni kazi ya Whitfield Diffie na Martin Hellman ya mwaka 1976, na ya Rivest, Shamir na Adleman iliyofuata mwaka 1977. Mtu huwa na funguo mbili zilizofungamana, mmoja wa siri na mmoja wa wazi. Programu huusoma waraka wote, ikaufupisha kuwa tarakimu moja ndefu. Ufunguo wa siri huigeuza tarakimu hiyo. Na mwenye ufunguo wa wazi aweza kuhakikisha kwamba ni ufunguo ule wa siri, wala si mwingine, uliofanya kazi hiyo juu ya waraka huu, wala si mwingine. Ikibadilishwa herufi moja, au ikiondolewa sifuri moja katika bei ya shamba, hesabu hukataa. Sahihi ya namna hii haina haja ya kuonekana. Programu zaweza kuonyesha picha ya jina juu yake ili kumridhisha msomaji, nazo zaweza kuiacha. Nguvu haimo katika picha.

Lakini ni nani asemaye kwamba ufunguo huu wa wazi ni wa fulani bin fulani wa Kinondo? Hapo huhitajiwa mtoa cheti, ambaye amemhakiki mwenye ufunguo. Naye mtoa cheti huthibitishwa na aliye juu yake, hata kufikia shina linaloaminiwa na wote. Kiungo kimoja kikikatika, programu hutangaza kwamba sahihi haithibitiki, hata kama jina limeandikwa kwa mwandiko mzuri namna gani. Mwanafunzi wa hadithi hana haja ya kuelezwa zaidi. Wanahesabu wa Marekani hawakuwa wakifikiria isnadi, lakini walichokijenga chafanana nayo kuliko kinavyofanana na kalamu.

Sheria ya Kenya imekwisha kuitambua tofauti hii. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 iliongezewa vifungu vya sahihi za kielektroniki vilivyoanza kutumika mwaka 2009, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo itoayo leseni kwa watoa vyeti. Sheria ya mwaka 2020 ya kurekebisha sheria za biashara, iliyoanza Machi 18 mwaka huo, ilizipeleka sahihi hizo hadi katika mikataba ya ardhi na usajili wake. Na Aprili 2021 mfumo wa Ardhisasa ukafunguliwa, ukianza na Nairobi. Sahihi ya daraja ya juu, kwa sheria, ni ile iliyofungamana na mtu mmoja tu, imtambulishayo, iliyotiwa kwa njia ambayo yeye peke yake aweza kuitawala, na iliyoungana na waraka hata badiliko lolote la baadaye ligundulike. Picha iliyobandikwa haitimizi hata sharti moja katika manne hayo kwa nguvu zake yenyewe.

Sharti la tatu ndilo gumu kwa Kwale. Watu wa huko si wageni wa sahihi isiyo na karatasi. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007 namba ya siri imekuwa ndiyo mkono wa mtu katika fedha zake, ingawa kwa miaka mingi wakala aliweka kitabu juu ya meza, mteja akatia saini ndani yake, kana kwamba namba peke yake haikutosha. Lakini mzee ambaye hakwenda shule, na ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, atakapotakiwa kuidhinisha hati katika mtandao atakwenda kwa kijana mwenye duka la kompyuta. Kijana atamfungulia anwani ya barua, atamchagulia neno la siri, atalihifadhi katika daftari lake ili mzee asilisahau. Tangu siku hiyo mkono wa mzee uko katika daftari la kijana. Mwandishi wa zamani naye aliandika kwa niaba ya wasiojua, lakini aliandika jina lake mwenyewe chini, ili aulizwe. Kijana wa duka haachi jina. Hesabu itathibitisha, bila kosa, kwamba mzee ndiye aliyetia.

Inastahili kukumbukwa kwamba Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 44, bado yaruhusu hati itiwe saini, au alama ya dole gumba, au alama nyingine iliyo dalili ya kukubali. Na kifungu cha 45 chataka anayetia afike mbele ya msajili au mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo, pamoja na shahidi mwaminifu, naye aulizwe kama ametia kwa hiari yake. Swali hilo la hiari ni la kadhi na la baraza la wazee. Hakuna programu ilijuayo. Kadhalika, tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management iliyohusu kiwanja cha ufukweni Nyali, iliamua kwamba mwenye hati ambaye asili ya hati yake inapingwa hawezi kujikinga kwa kuionyesha hati hiyo peke yake. Yampasa aonyeshe kwamba ilitolewa kwa haki tangu mwanzo wake. Kwa pwani iliyojaa hati zenye saini safi na mihuri iliyokolea, ambazo ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilizitilia shaka nyingi, uamuzi huo ulirudisha katika sheria lile sharti la mnyororo.

Sasa lugha. Sheria zote zilizotajwa zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Afisa anayewaeleza watu wa Lungalunga au Msambweni mambo haya hujitafutia maneno mwenyewe, na kwa kuwa maneno mawili yapo, humwambia mmoja kwamba "saini ya kompyuta" inakubalika na mwingine kwamba haikubaliki, na mara zote mbili anasema kweli. Njia iliyo karibu ni kuyatenganisha. Saini libaki kuwa jina la kile kinachoonekana: mchoro wa jina, uwe wa wino au wa picha. Sahihi lirudishiwe kazi yake, liwe ni tendo la kuufanya waraka uwe mzima, pamoja na watu au hesabu wanaolisimamia. Kwa mgao huo mtu aweza kuambiwa kwa sentensi moja kwamba waraka wake una saini lakini hauna sahihi, naye akajua ni nini kilichopungua. Neno "saini ya kidijitali", linalosikika sana redioni, huyachanganya yote mawili, na haifai liingizwe katika orodha za istilahi kabla ya kutazamwa upya.

Patakuwapo watakaopinga kwamba matumizi ya watu yamekwisha kuyafanya maneno haya kuwa moja, na kwamba mwanaisimu hana amri juu ya barabara. Ni kweli, barabarani. Lakini istilahi za sheria hazijawahi kutungwa barabarani, na fomu ya kuhamisha shamba ina nafasi ya kuandikwa maneno yote mawili: mstari mmoja wa saini au dole gumba la mtoaji, na chini yake mstari wa sahihi, pamoja na majina ya mashahidi na, kama mtoaji alisaidiwa na mtu kuifungua kompyuta, jina la mtu huyo.